"Kisima ni chetu, maji ni bure" na dhana nyingine zinazokula faida ya hoteli za pwani

Meneja wa hoteli ya Nungwi, Kiwengwa au Jambiani anajua bei ya kilo ya changu leo asubuhi na bei ya lita ya dizeli. Muulize lita moja ya maji imemgharimu kiasi gani mpaka kumfikia mgeni bafuni. Wengi watakutajia bili ya mwezi, wengine watacheka tu. Hoteli za pwani ya Unguja zina uhaba wa maji na zina bili kubwa za umeme, lakini mambo haya mawili mara chache hukaa meza moja, na hapo ndipo dhana zifuatazo zinapopata pa kuishi.

"Tuna kisima chetu, maji ni bure"

Hii ndiyo mama wa zote. Kisima kimechimbwa, pampu imefungwa, hakuna anayekuja kusoma mita, basi maji hayana hesabu. Lakini maji hayo yamepandishwa kwa umeme hadi kwenye simtanki, yamesukumwa tena hadi vyumbani, yamepashwa moto, kisha yameishia kwenye shimo ambalo nalo gari la kunyonya maji machafu huja kulimaliza kwa malipo. Lita ni ileile, imelipiwa mara nne, ila kila malipo yako kwenye ukurasa wake wa daftari.

Halafu kuna chumvi. Upande wa mashariki wa Unguja ni maweni, mawe ya matumbawe yenye matundu. Mvua hupenya chini na maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa kanuni wanayoitumia wataalamu wa maji ya ardhini, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Ukivuta kupita kiasi na kina kikashuka mita moja kwa muda mrefu, chumvi hupanda kutoka chini mara nyingi ya hapo. Kinachofuata wenye hoteli wanakijua: sabuni haitoi povu, koki zinaota magamba meupe, hita zinakufa kabla ya wakati, na chai ya asubuhi ina ladha ya ajabu. Hapo hoteli huanza kununua maboza, au hufunga mtambo wa kuchuja chumvi ambao nao unakula umeme kila saa unaofanya kazi. Jirani wa kijijini, ambaye hajalaza mgeni hata mmoja, kisima chake kinaharibika vilevile, na yeye hana mtambo.

"Wageni ndio wanaomaliza maji"

Mgeni anaoga asubuhi, anarudi baharini na chumvi mwilini, anaoga tena. Ni rahisi kumtupia lawama. Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha utafiti wake kuhusu utalii na maji Zanzibar. Alikuta wastani wa lita 685 kwa mtalii mmoja kwa siku. Ukitenganisha, nyumba ndogo za wageni zilitumia lita 248, hoteli lita 931. Na katika hoteli, takriban nusu ya maji hayakwenda bafuni wala jikoni wala kwenye bwawa la kuogelea. Yalikwenda bustanini.

Sababu iko miguuni mwetu. Udongo wa maweni ni mwembamba, chini yake jiwe lenye matundu, na karibu na ufukwe ni mchanga mtupu. Ukimwagilia nyasi za zulia saa sita mchana, sehemu inakwenda na jua na sehemu inazama kabla mzizi haujaonja. Mtunza bustani anaona udongo umekauka, anafungua mpira tena. Hana kosa, ameambiwa pawe kijani.

Kwa maoni yangu nyasi hizi ndizo anasa isiyo na mteja. Aliyetoka Milano hakupanda ndege kuja kuangalia nyasi. Mkadi, mvinje, mnazi na mwarobaini vinaivumilia pwani bila kubembelezwa, na pale ambapo lazima pamwagiliwe, mipira ya matone iliyofunikwa kwa majani makavu, tena kabla ya jua kuchomoza, hupunguza matumizi kuliko tangazo lolote la bafuni. Maji ya shawa na ya dobi pia yanafaa kwa miti, mradi yachujwe, yapitishwe chini ya udongo, yasilale kwenye tangi yakaoza, wala yasifike kwenye mchicha na majani ya saladi.

"Ukipunguza maji ya shawa, mgeni atalalamika"

Mgeni hulalamikia presha, hahesabu lita. Shawa za zamani hutoa lita 15 au zaidi kwa dakika. Kichwa cha kisasa kinachochanganya maji na hewa hutoa 8 au 9, na mwili hauoni upungufu ikiwa presha ipo. Kujua yako iko wapi, chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Ikijaa chini ya sekunde 45, kuna maji ya kuokoa.

Tupige hesabu. Mtu akioga dakika 8, kutoka lita 15 kwa dakika kwenda 8 ni lita 56 zilizobaki kwenye tangi. Hoteli ya wageni 30 wanaooga mara mbili kwa siku inabakiza lita 3,360, yaani boza zima la lita 10,000 kila baada ya siku tatu. Na kama wote wanaoga maji yaliyopashwa kwa hita ya umeme kutoka nyuzi 27 hadi 40, hapo zimeokolewa uniti kama 50 za umeme kila siku. Watu husahau uniti hizo, na mara nyingi ndizo zinazorudisha bei ya vifaa kabla ya maji yenyewe.

Tahadhari moja: maji yetu yana chokaa nyingi, na vichwa hivi huziba. Viloweke kwenye siki usiku mmoja kila mara matundu yanapoanza kupiga maji pembeni. Asiyefanya hivyo atapata malalamiko kweli, kisha atasema shawa za kuokoa maji hazifai.

"Kuokoa maji kunataka mtaji mkubwa"

Anza na rangi ya chakula. Tia matone machache kwenye tangi la choo, usiflashi, rudi baada ya nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umechoka na choo hicho kinavuja kimyakimya, mamia ya lita kwa siku. Mpira wenyewe ni kitu cha dukani kwa fundi bomba.

Kisha mita. Funga moja kisimani na nyingine ndogo bustanini, dobi na jikoni. Mlinzi wa zamu asome saa nane usiku na saa kumi alfajiri, wakati wageni wamelala. Namba ikiwa imekimbia, bomba limepasuka mahali.

"Tumeshaweka kadi ya taulo"

Kadi ile ya "okoa mazingira", inayomwomba mgeni atundike taulo yake aitumie tena badala ya kupelekwa dobi, inafanya kazi, ila kwa kiasi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008 na Goldstein, Cialdini na Griskevicius ulionyesha kuwa wageni waliosoma ujumbe wa mazingira walirudia taulo kwa asilimia 37. Walioambiwa kuwa wengi waliolala chumba hichohicho walirudia taulo zao, walifika asilimia 49. Badilisha sentensi, basi.

Lakini tazama pia bafu lenyewe. Kulabu moja, watu wawili. Mgeni anatundika taulo kwenye kitasa au kiti. Mhudumu wa vyumba anaingia, anajua msimamizi atapita kukagua, anaona ni usalama wake kuzichukua zote. Kadi imesomwa, mgeni ametii, na mashine ya dobi imejaa kama jana.

"Mvua yetu haitoshi kuvuna"

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 500 za mraba, kwa mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka, hata ukitoa asilimia 20 ya upotevu, ni lita 600,000. Ugumu ni majira: masika hunyesha Machi hadi Mei hoteli zikiwa tupu, na wageni hujaa Julai na Agosti kukiwa kukavu. Kwa hiyo tangi lazima liwe kubwa. Na makuti hayafai, maji yake hutoka na rangi ya chai na vipande vya majani. Tumia bati la jikoni, la dobi na la nyumba za wafanyakazi, yale mapaa ya nyuma yasiyoonekana kwenye picha za tangazo.