Supu ya Pojo Kabla ya Wali

Hakuna supu inayotibu homoni. Tunalisema mapema kwa sababu kliniki ya lishe hapa Malindi hupokea kina dada waliokwisha kununua unga wa majani na chupa zisizo na maelezo, wakiahidiwa hedhi itarudi mwezi huo huo. Supu inachoweza ni kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Kwa mwenye PCOS, yaani ile hali ya ovari kuwa na vifuko vingi vidogo, hilo si haba.

Takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa ana hali hii, na wengi hawajui. Mara nyingi mwili hauitikii vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, hivyo kongosho huzidi kuitoa. Insulini ikizidi huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi: nywele zinaota kidevuni, chunusi haziishi, mayai hayapevuki, hedhi inapotea miezi.

Kasi ya chakula kupandisha sukari ina kipimo chake, kilichotolewa mwaka 1981 na David Jenkins na wenzake huko Toronto, Kanada. Glukosi hupewa 100. Chakula cha 55 kushuka ni cha taratibu, cha 70 kupanda ni cha haraka. Pojo ni za taratibu, mkate mweupe ni wa haraka. Boga nalo mara nyingine huonekana baya kwa kipimo hiki, na watu wakalifukuza jikoni bure: wanga wake ni kidogo, na vipande viwili vitatu vya boga havilingani kamwe na sahani ya wali.

Kwa watu wanne, loweka kikombe kimoja cha pojo tangu asubuhi, kisha chemsha mpaka maganda yaanze kupasuka. Maji yake usiyamwage. Kaanga kitunguu kwa vijiko viwili vya mafuta, utie thomu, tangawizi, uzile na manjano. Nukato ikipanda, tia nyanya mbili. Mimina pojo, ongeza boga na biringani, halafu bamia. Ule mlenda wa bamia unaowakera wengine ndio hasa tunaoutaka: ni nyuzi laini zinazochelewesha sukari tumboni. Mchicha au mnavu uingie mwisho, dakika tatu tu. Ukipenda nazi, tia tui la pili. Tui zito lina mafuta mengi. Epua, kamua ndimu.

Usitie mbatata wala unga ili iwe nzito, pojo zitaishika zenyewe. Wala usiisage kwa blenda. Mboga ikibaki vipande, tumbo hufanya kazi taratibu zaidi.

Inywe kwanza, wali ufuate, tena kidogo. Mboga na jamii ya kunde kama pojo zikitangulia, sukari haipandi sana baada ya mlo. Ukishushia juisi ya ukwaju iliyojaa sukari, umejisumbua tu kupika.

Brokoli si lazima, maana mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 haukuutaja mlo wowote kuwa bora kuliko mingine. Mboga za sokoni zinatosha, pamoja na kutembea kila siku.

Chumvi tunayo jirani, Gongoni, lakini nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa imetiwa ayodini. Tezi ya shingo inaihitaji ili itengeneze homoni zake, na iliyokwisha kuugua inataka daktari, si sufuria.

Hedhi ikipita siku 35 mara kwa mara, au ukipata chini ya mara 8 kwa mwaka, njoo upimwe. Anayetumia metfomini, dawa inayousaidia mwili kuitikia insulini, asiiache kwa sababu ya supu. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, kwani pojo na mchicha vina potasiamu nyingi. Na anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula bila kumwambia daktari wake.