Gavana asiyeweza kufukuza mtu

Kila mwaka darasani huulizwa swali lile lile: mtu aliyekuza kampuni yake mpaka ikajulikana duniani, akikabidhiwa jimbo si ataliendesha vivyo hivyo? Nami humpeleka muulizaji North Dakota, Marekani, kwa Doug Burgum, aliyekuwa gavana wa jimbo hilo hadi 2024.

Burgum alizaliwa 1956 na kukulia Arthur, kimji cha wakulima ambako ukoo wao ulikuwa na ghala la kununulia nafaka. Mwaka 1983 aliweka rehani shamba la urithi, akapata dola 250,000 na kuziingiza zote katika kampuni changa ya programu za uhasibu, Great Plains Software. Mwaka 2001 Microsoft waliinunua kwa dola bilioni 1.1. Alipotaka ugavana 2016, mkutano wa chama chake cha Republican ulimpitisha Wayne Stenehjem, mwanasheria mkuu wa jimbo. Burgum akaenda kwa wananchi kwenye kura za mchujo, akamwangusha.

Ila Stenehjem hakuondoka. Mwanasheria mkuu huchaguliwa na wananchi, na yeye, gavana na kamishna wa kilimo ndio watu watatu wanaosimamia benki ya jimbo, iliyoanzishwa 1919, pamoja na kinu cha jimbo cha kusaga ngano. Wakulima walidai vitu hivyo baada ya kuchoka kupunjwa na wafanyabiashara wa nafaka wa Minneapolis. Basi mtoto wa wenye ghala akawa mwenyekiti wa kinu cha umma, meza moja na Stenehjem, mtu aliyebwagwa naye kwenye mchujo.

Kwenye kampuni, anayekukwamisha unamwandikia barua ya kumwachisha kazi. Bungeni hakuna barua hiyo. Wabunge wa North Dakota hukaa vikao siku zisizozidi 80 kila miaka miwili, kisha hurudi mashambani na madukani kwao. Ugali wao hautoki kwa gavana. Hili naliona kubwa kuliko tofauti zote za itikadi.

Mwaka 2020 Burgum alijaribu. Jeff Delzer, mwenyekiti wa kamati ya bajeti katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, alikuwa ameshika mfuko kwa mikono miwili. Gavana akamwaga mamilioni ya dola zake kwenye kampeni za kumpinga yeye na wengine, na Delzer akaanguka kwenye mchujo wa Juni. Mwezi Oktoba mmoja wa waliomshinda, David Andahl, alifariki kwa UVIKO-19, jina lake likiwa limeshachapishwa kwenye karatasi za kura. Novemba akachaguliwa akiwa marehemu.

Burgum akateua mtu wake, kiongozi wa kampuni ya makaa ya mawe. Mahakama ya Juu ya jimbo ikamwambia hana mamlaka hayo. Viongozi wa chama katika eneo la uchaguzi wakakaa kujaza kiti kile, na jina walilotoka nalo lilikuwa la Jeff Delzer.