Kwa Nini Mtu Mzima Hukosa Kazi: Maelezo kwa Watoto wa Tanga

Watoto wengi wa Ngamiani na Chumbageni wamekwisha kusikia watu wazima wakisema kwamba fulani hana kazi kwa sababu ni mvivu. Mimi ni mtakwimu wa nguvukazi, na shughuli yangu ni kuwauliza watu jinsi wanavyopata riziki na kuyapanga majibu yao. Nawaandikia ninyi, wanangu, ili mjue tunavyomtambua mtu asiye na ajira, na kwa nini neno hilo la uvivu mara nyingi ni uonevu.

Kwanza tunaangalia umri, kwa maana anayehojiwa kuhusu ajira ni mwenye miaka 15 au zaidi. Mdadisi anapobisha hodi na dodoso lake huuliza kama katika siku 7 zilizopita mtu huyo alifanya kazi yoyote ya kumpatia kipato, hata kwa saa 1 tu. Ikiwa hakufanya, huulizwa kama yuko tayari kuanza kazi ikipatikana, na kama katika wiki 4 zilizopita amekuwa akiitafuta. Kwa kipimo cha kimataifa, asiye na ajira ni yule ambaye hana kazi, yuko tayari kufanya, na anaitafuta. Kwa hiyo bibi aliyekwisha kustaafu na kaka anayesoma chuoni bila kutafuta kazi hawamo katika hesabu hiyo, ingawa hawapokei mshahara. Mama anayepika, kuteka maji na kuuguza wagonjwa nyumbani kutwa nzima anafanya kazi kubwa, lakini kwa kuwa hailipwi, hesabu ya ajira haimtaji, na wala si haki kusema kwamba amekaa bure.

Tanzania ina pia kipimo chake cha kitaifa, ambacho huwahesabu hata wale walio tayari kufanya kazi lakini wameacha kuitafuta. Binafsi nakiona kipimo hiki kuwa cha kweli zaidi kwa nchi yetu, kwa sababu mtu aliyezunguka mji mzima mpaka akakata tamaa hajaacha kuihitaji kazi.

Ile saa 1 inahitaji maelezo zaidi. Fikirini kibarua anayekwenda bandarini kila alfajiri, akachukuliwa siku moja kupakua mzigo na siku 6 zilizobaki akarudi mikono mitupu. Kwa kipimo cha kimataifa huyu anahesabiwa kuwa ana ajira. Hesabu si ya uongo, lakini haitoshi, na ndiyo maana dodoso zuri huuliza pia alifanya kazi saa ngapi na kama angependa kuongezewa. Mkisikia redioni kwamba wasio na ajira ni wachache, ulizeni wenye ajira wanapata kazi kiasi gani, maana katika mji wetu shida kubwa mara nyingi iko hapo.

Sababu za kukosa kazi ni nyingi. Nyingine ni za msimu, kama machungwa ya Muheza yanapokwisha na wachumaji wakasubiri mavuno mengine, na hizo hupita. Zipo ambazo hazipiti upesi, na mkoa wetu unazijua kuliko mikoa mingi kwa sababu ya mkonge.

Zao hili lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 iliyosalimika safarini ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka hapo mashamba yakaenea kandokando ya reli. Mkataji huingia shambani mapema na kisu chake, hukata majani yenye miba nchani, huyafunga 30 kwa fungu, na mafungu hupelekwa kwenye korona, yaani mashine inayoponda na kukwangua jani mpaka zikabaki nyuzi peke yake. Nyuzi huanikwa juani kwenye nyaya, hupigwa brashi, kisha hufungwa marobota ya kupelekwa bandarini. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000, na hakuna nchi iliyotupita.

Sehemu kubwa ya nyuzi hizo ilikuwa ikisokotwa kamba za kufungia nyasi kavu katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Viwanda vya huko vilipoanza kutengeneza kamba za plastiki kwa bei ndogo, bei ya mkonge ikaanguka. Wapo wanaolaumu pia kutaifishwa kwa mashamba mengi mwaka 1967 na usimamizi uliofuata, nami nakubali kwamba hilo lilichangia. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa takriban tani 20,000 tu. Mkataji hakuwa amepungukiwa nguvu wala bidii. Waliokuwa wakinunua kazi ya mikono yake, mbali kule ng'ambo, walikuwa wamepata kitu kingine. Wala hakuumia peke yake, kwani mshahara wake ndio uliokuwa ukimlipa mama lishe, fundi baiskeli na mwenye duka la jirani.

Baba au mama akikosa kazi, watoto hushawishika kuacha shule wakatafute fedha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha miaka 14 anaweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumzuia kuhudhuria masomo, na chini ya miaka 18 hakuna ruhusa ya kuajiriwa mgodini, kiwandani wala kuwa baharia melini. Mwajiri anayemchukua mtoto wa miaka 12 kwa kuwa humlipa kidogo anavunja sheria, na papo hapo anaijaza nafasi ambayo angeishika mtu mzima, pengine mzazi wa mtoto huyohuyo.