Je, wajua kwa nini maikrowevu inazunguka vizuri tu lakini kiporo kinatoka cha baridi?

Sijui kama ishakutokea hii. Unaweka pilau la jana, unafunga mlango, unabonyeza dakika mbili, taa inawaka, sahani inazunguka, feni inavuma, mwisho inalia pii pii pii kama imefanya kazi kubwa sana, unaonja unakuta pilau ni la baridi vile vile lilivyotoka kwenye friji. Kwetu ilipotokea wa kwanza kulaumiwa alikuwa mdogo wangu, eti kabonyeza vibaya, tukarudia mara tatu na pilau likabaki na msimamo wake.

Iko hivi. Hivyo vyote unavyoviona na kuvisikia, yaani taa, feni na kile kimota kinachozungusha sahani, hakuna hata kimoja kinachopasha chakula. Vyenyewe vinakula umeme wa kawaida wa ukutani, wa volti 230, basi. Anayepasha ni magnetroni, na huyo kajificha kwenye chumba cha pembeni nyuma ya zile batani. Umeme wa 230 haumtoshi, kwa hiyo kuna transfoma nzito (ndiyo inayofanya maikrowevu nyingi ziwe nzito upande mmoja ukizibeba) inapandisha umeme mpaka kama volti 2,000, halafu kapasita (kifaa kinachotunza umeme) na dayodi (kinachopitisha umeme upande mmoja tu) wanausukuma tena hadi kwenye 4,000 hivi. Hapo ndo magnetroni anatoa mawimbi yanayobadilika mara bilioni 2.45 kwa sekunde, na maji yaliyomo ndani ya chakula yanahangaika nayo mpaka yanapata moto. Sasa mmoja tu kwenye huo msururu akifa, taa na feni wala hawana habari, wanaendelea na sherehe.

Na huyo magnetroni kazi yake ya mwanzo haikuwa jikoni kabisa, alikuwa wa rada za vita. Mwaka 1945 Mmarekani mmoja, Percy Spencer, fundi wa kampuni ya Raytheon ambaye hata shule hakumaliza, alikuwa karibu na mtambo wa rada akashtukia chokoleti imeyeyuka mfukoni. Maikrowevu za kwanza za biashara, miaka miwili baadaye, zilikuwa na urefu wa mtu na uzito wa kama kilo 340. Ya kwako inabebeka na mtu mmoja, shukuru.

Turudi kwenye pilau. Kabla hujaita fundi angalia mambo ya kijinga kwanza, usione aibu. Inawezekana mtu kaiacha kwenye kuyeyusha barafu au moto wa chini kabisa, na baadhi zina demo, ile ya kuonyeshea wateja dukani, dakika zinahesabika lakini moto hakuna. Kama siyo hayo, chukua kikombe cha udongo, tia maji robo lita, weka moto wa juu dakika moja. Kwa mashine ya wati 700 hayo maji yanatakiwa yapande nyuzi 35 mpaka 40 hivi, yaani maji ya bomba ya Dar yawe ya moto kiasi kwamba kidole hukiachi humo. Yakiwa ya uvuguvugu tu, usikimbilie kusema imekufa, pima umeme wa nyumba. Jioni mtaa mzima ukiwa umewasha vitu na umeme ukashuka hadi 180, magnetroni anadhoofika vibaya sana kuliko unavyodhani, wakati taa bado inawaka na sahani bado inazunguka.

Yakibaki ya baridi kabisa, tega sikio. Maikrowevu nzima (nasema zile za transfoma) ikianza kupasha hubadilika sauti, unasikia mngurumo mzito chini ya feni. Ukisikia mngurumo mkubwa kuliko kawaida na moto hakuna, mara nyingi dayodi au kapasita imepiga shoti, au magnetroni mwenyewe. Usiposikia mngurumo kabisa, basi umeme haufiki kwa transfoma, na hapo wanaoshukiwa ni swichi za mlango, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), au ile sensa ya joto iliyobandikwa kwenye magnetroni.

Kuna kipimo kingine ambacho mi nakipenda sana, cha luku. Zima vitu vyote nyumbani, friji pia, kisha mtu asimame aangalie kile kitaa chekundu cha mita. Kama imeandikwa 1000 imp/kWh maana yake kikipepesa mara 1000 umetumia yuniti moja. Maikrowevu ya wati 700 ikiwa inapasha kweli inavuta kama wati 1,100 au 1,200, kwa hiyo kitaa kinapepesa kila baada ya sekunde tatu hivi. Ikiwa inazunguka bure tu, unaweza kusubiri karibu dakika nzima ndo kipepese mara moja. Yetu tulihesabu mpaka tukachoka.

Ila kufungua kasha usifungue, bana. Hii siyo pasi wala redio. Ile kapasita inaweza kubaki na umeme wa kuua hata kama umeshachomoa waya ukutani, na kuna mafundi wazoefu kabisa wamepoteza maisha hivyo. Anayefungua awe anajua kuitoa chaji kwanza, na ukimwona anaingiza bisibisi huku waya bado upo kwenye soketi mwambie aende zake.

Na usikubali mtu akwambie magnetroni imekufa kabla hajapima. Wa kwanza kuja kwetu alisema hivyo hivyo akiwa kasimama mlangoni, akataja bei ambayo ukiongeza kidogo unanunua mpya. Tulichogundua wenyewe ni kwamba ukiubana mlango kwa mkono kwa juu, mngurumo unarudi, ukiachia unapotea. Ndani ya kitasa kuna swichi kama tatu hivi, kazi yake kuhakikisha mawimbi hayatoki mlango ukiwa wazi, na nyumba ambayo mlango unapigwa pwaa kila siku lazima mojawapo ichoke, na kwa modeli kama yetu taa na sahani vinaendelea hata swichi ya upande wa transfoma ikigoma. Fundi wa pili akabadilisha, kitu chenyewe hata nusu ya kiberiti hakifiki, na luku ikaanza kupepesa haraka haraka kabla hata pilau halijatoa mvuke. Mdogo wangu mpaka leo anadai aombwe radhi.