Ziba mapengo kabla ya kuagiza kiyoyozi kingine: paneli za plastiki katika vituo vya data

Chumba cha seva kinaweza kukutetemesha kwa baridi ukiwa mlangoni, huku seva ya juu kabisa kwenye raki (fremu ndefu ya kupangia seva) ikilia kengele ya joto. Wengi hapo huagiza kiyoyozi cha ziada. Kabla ya kufika huko, pima joto la hewa mbele ya raki mahali patatu: karibu na sakafu, katikati na juu. Chini ikisoma 19 °C na juu 29 °C, ujue baridi ipo, ila haifiki inakotakiwa. Hewa ya moto inayotoka nyuma ya seva inazunguka na kurudi mbele kupitia nafasi tupu za raki na juu ya raki zenyewe, kisha seva za juu zinaivuta tena.

Ukubwa wa jambo lenyewe unahesabika. Raki ya kilowati 5, ikiwa hewa inapanda joto kwa nyuzi 12 inapopita ndani ya seva, inataka takribani mita za ujazo 0.35 za hewa kila sekunde. Hiyo ni Dar es Salaam au Mombasa, usawa wa bahari. Nairobi, karibu mita 1,800 juu, hewa ni nyepesi zaidi, na raki hiyohiyo itataka kama 0.43.

Anza na paneli ndogo za kuzibia nafasi tupu, kwa kuwa ndizo za bei nafuu na ndizo zinazosahaulika. Nafasi moja ya raki, yaani U moja, ina kimo cha milimita 44.45, na raki ya kawaida ina U 42. Chagua paneli za plastiki ya ABS zinazobanwa kwa kidole bila skrubu. Zile za skrubu fundi akizitoa leo kuongeza seva, hazirudi. Ziba pia upenyo kati ya reli za kufungia seva na ubavu wa raki, na matundu ya nyaya sakafuni. Usitumie maboksi. Yanamwaga nyuzi za karatasi ndani ya feni, na yanashika moto.

Baada ya hapo ndipo ushoroba wa baridi, yaani njia iliyo mbele ya raki inakopita hewa baridi, ufungwe kwa paa na milango. Plastiki ya polikabonati ndiyo inayofaa: inapitisha mwanga, ni nyepesi, haivunjiki ovyo. Lakini inatanuka. Kila mita moja huongezeka kama milimita 0.065 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo shiti la mita 2.4 linaweza kucheza milimita 3 joto likibadilika kwa nyuzi 20. Toboa tundu la milimita 10 kwa skrubu ya milimita 6, weka washa (kiduara cha chini ya skrubu) pana ya mpira, na usikaze mpaka mwisho. Nyufa nyingi zinazoonekana kuzunguka skrubu chanzo chake ni fundi aliyekaza kama anafunga bati. Silikoni iwe isiyo na asidi. Ile yenye harufu ya siki huila polikabonati taratibu. Thina, asetoni na dawa za vioo zenye amonia ni marufuku. Safisha kwa maji ya sabuni laini na kitambaa chenye unyevu, maana kitambaa kikavu huzalisha umemetuli.

Kwenye moto ndipo penye hatari kubwa. Akriliki, plastiki nyingine, inafanana sana na polikabonati kwa macho, ila huwaka kwa urahisi, na muuzaji asiye makini atakuuzia moja kwa jina la nyingine. Dai cheti cha kipimo cha moto, kwa mfano UL 94 V-0 au daraja A la ASTM E84. Mapazia ya PVC mlangoni yakiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi na kula vifaa hata ambavyo moto haukuvigusa.

Tena, paa la plastiki linazuia maji ya vinyunyizio na gesi ya kuzimia moto visifike kwenye raki. Zipo paneli zinazolegea na kuanguka zenyewe joto likifika karibu 57 °C. Tatizo ni kwamba kitambuzi cha moshi kinaweza kuamuru gesi imwagwe mapema zaidi, paneli zikiwa bado juu. Kwa mfumo wa gesi, tumia vishikizo vya sumaku vinavyoachia paneli kwa amri ya mtambo wa kengele ya moto, na uweke vitambuzi ndani ya ushoroba wenyewe.

Nje ya chumba plastiki ina kazi nyingine: mabamba ya PVC yenye mikunjo ndani ya mnara wa kupoozea hutandaza maji yakutane na hewa. Nairobi njia hii ina faida nzuri kwa sababu ya ukavu wa hewa. Pwani, unyevu unaipunguzia nguvu.

Kufunga paneli peke yake hakupunguzi bili ya umeme hata shilingi. Punguza mwendo wa feni: kwa asilimia 80 ya mwendo, feni hula karibu nusu tu ya umeme. Kisha pandisha joto la hewa inayotoka kwenye kiyoyozi kwa nyuzi moja, subiri saa 24, pima seva ya juu kabisa, ndipo upandishe tena. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi, hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya 18 na 27 °C; ukiona 26 hapo juu, simama.