Tangi la Wima Halitaki Rundo la Mawe

Nafasi ikiwa finyu, mwenye hoteli au mwenye sebule humwambia fundi vioo apandishe tangi la samaki wa baharini juu badala ya kulitanua. Linapendeza, sikatai. Tabu huanza siku ya kuweka mawe. Wengi wanaokuja kutuuliza ofisini hapa Tanga wamesharundika kama vile tangi ni pana, na wameishia na ukuta uliobana vioo, samaki wasio na pa kupita na uchafu usiofikika.

Tuanze na hesabu. Tangi lenye kitako cha sentimita 45 kwa 45 na kimo cha 75 huchukua lita 150 hivi. Maji hayohayo ukiyatia kwenye tangi la urefu wa mita moja, upana wa 45 na kimo cha 34, eneo la juu linalogusana na hewa linakuwa zaidi ya mara mbili. Oksijeni huingilia hapo juu, na maji ya bahari ya nyuzi 28 hayabebi nyingi, ni kama miligramu 6 kwa lita. Umeme ukikatika usiku, tangi la wima ndilo linaloumia mapema. Na kila jiwe unaloongeza linapunguza maji, huku bakteria waliomo ndani yake nao wakitumia oksijeni ileile. Kuna kanuni ya zamani ya ratili moja ya jiwe kwa kila galoni, ambayo kwa lita 150 ingekupa kama kilo 18. Haijali umbo la tangi. Mimi kwa tangi la wima natosheka na kilo 12, tena za jiwe lenye matundu.

Jiwe la namna hiyo si la kutafuta mbali. Mwamba wa pwani yetu ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe. Ndiyo yaliyojengewa msikiti na makaburi ya kale ya Tongoni, kusini mwa Tanga. Vipande vyake vipo kwenye machimbo ya nchi kavu. Chagua lililo jepesi mkononi kuliko linavyoonekana kwa macho, kwa kuwa wepesi huo ni matundu, na humo ndimo wanamokaa bakteria wanaogeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa nitraiti, kisha nitreti. Lisugue kwa brashi mpaka udongo mwekundu uishe, liloweke, ubadilishe maji hadi yabaki safi. Lililookotwa karibu na gereji, au lenye mistari ya kutu, liache hukohuko. Matumbawe ya baharini usiyang'oe hata kidogo. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya hapa Tanga, iliyoanzishwa 2009, inalindwa na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994, na hakuna kifungu cha "kipande kimoja tu cha mapambo".

Sasa jenga nguzo, usijenge rundo. Chini weka jiwe pana, zito, lenye tako bapa. Litoboe kwa drili yenye biti ya zege, simamisha humo fimbo ya faiba au bomba la plastiki la nusu inchi, halafu tunga mawe mengine kama mishikaki. Kila jiwe ligeuze kidogo lisilingane na la chini yake, ili pabaki mianya na vibaraza. Palipolegea tia gundi ya epoksi ya kukanda. Nondo na waya wa kufungia nondo vitaota kutu. Waya wa shaba ni hatari zaidi, maana shaba ikiyeyuka huua kamba na konokono. Ukitumia saruji, iloweke kwenye maji ya bomba kwa wiki kadhaa, la sivyo itapandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji.

Kazi hii ifanyike mezani. Chora kitako cha tangi kwenye kadibodi, kisha chora mpaka wa ndani ukiacha sentimita 7 kila upande, nguzo isiuvuke. Nafasi hiyo ni ya sumaku ya kusafishia kioo, ya maji kuzunguka, na ya mkono wako. Kwenye kimo cha 75 mtu huzamisha mkono hadi kwapani ndipo aguse mchanga, kwa hiyo jiwe likidondoka kule chini, kulitoa ni kuvuruga tangi zima. Gundi ikikauka, sukuma ncha ya juu kwa kidole. Ikitikisika, panua tako. Majini mambo huwa magumu zaidi: jiwe gumu la chokaa la kilo 10 linabaki na uzito wa kilo 6 tu, hivyo husukumika kwa urahisi.

Tandika karatasi ngumu ya plastiki juu ya kioo cha chini, weka nguzo, mchanga uje mwisho. Ukitanguliza mchanga, kamba wachimbaji watauondoa chini ya jiwe na nguzo italala.

Vipango vya samaki kujificha viwe kwenye vimo tofauti, na kila kimoja kiwe na matundu mawili, ili samaki mnyonge apate pa kutokea mbabe akiingia. Samaki aitwaye kangaja msahau, yeye anataka urefu wa kukata mbio, na hapa hakuna.

Pampu moja iwe chini, nyingine juu, zikitazama pande tofauti. Baada ya siku chache utaona takataka zinapotuama. Sogeza pampu, siyo mawe. Halafu subiri bakteria waongezeke: kwa kawaida wiki 4 hadi 6, mpaka kipimo cha amonia na cha nitraiti vyote visome sifuri, ndipo uweke samaki mmoja au wawili wadogo.