Kupita si kusimama, jamani

Kazi yangu ni kupanga ziara za bendi. Kila ratiba ikitoka, lawama ya mashabiki ambao mji wao haumo ni ile ile: "Jumatatu wanapiga mashariki yetu, Jumatano magharibi yetu. Jumanne si wangesimama hapa tu? Wametudharau!" Kwa hilo la kudharauliwa nimeshajibu vya kutosha kwa mstari mmoja mmoja. Leo naandika kwa kirefu.

Hiyo Jumanne mnayoiona tupu si tupu. Shoo ya Jumatatu ikiisha saa tano usiku, mafundi ndiyo kwanza wanaanza: taa zishushwe, spika zifunguliwe, nyaya zikunjwe, makasha yapandishwe kwenye malori. Ikifika saa nane malori hayajaondoka, hakuna anayeshangaa. Na dereva naye ana sheria zake. Umoja wa Ulaya unamruhusu kuendesha saa 9 kwa siku, au 10 lakini si zaidi ya mara mbili kwa wiki, na kila baada ya saa nne na nusu apumzike dakika 45. Marekani kikomo ni saa 11. Sasa ongeza shoo ya Jumanne: shusha, funga, piga, fungua, pakia, halafu uwe mlangoni kwa ukumbi wa Jumatano asubuhi. Kilomita zinakubali, saa zinakataa. Na koo la mwimbaji sijaligusa.

Tena siku ya mapumziko inagharimu. Basi linalipiwa, hoteli inalipiwa, mafundi wanalipwa. Ingewezekana kuiuza, mimi ningekuwa wa kwanza kuiuza.

U2, bendi ya Ireland, kwenye ziara yao ya 360° ya mwaka 2009 hadi 2011, walitengeneza majukwaa matatu ya chuma ili moja likitumika, jingine liwe linajengwa mbele. Bendi yako ina seti moja ya vifaa, na huenda nusu yake ni ya kukodi.

Kumbi nazipitia haraka: upo mmoja ni mdogo mno, mwingine ni mkubwa mno, wa katikati umeshashikiliwa na mtu mwingine tarehe hiyo, au paa lake halibebi uzito wa taa. Basi.

Linaloniudhi hasa ni mkataba wa tamasha, kwa sababu mashabiki hawauoni kabisa. Tamasha kubwa la bendi nyingi likiilipa bendi vizuri, huizuia kupiga popote karibu kwa miezi kadhaa, kabla na baada. Mara nyingine huizuia hata kutangaza shoo nyingine mpaka tiketi za tamasha ziuzwe. Kwa hiyo bendi inakaa kimya, nyinyi mnaita kiburi. Wakati mwingine mzuiaji ni serikali. Machi 2024 Taylor Swift alipiga shoo 6 Singapore na hakupiga kwingine Asia ya Kusini-Mashariki. Waziri mkuu wa Singapore alikiri hadharani kwamba motisha ilitolewa kwa sharti hilo. Shabiki wa nchi jirani amlaumu nani, mpiga gitaa?

Kuna jambo moja hatupendi kulisema. Takwimu za wasikilizaji wa mtandaoni kwa kila mji tunazo, na bado tunabahatisha. Kusikiliza ni bure au karibu na bure. Tiketi ni pesa. Nimeona miji yenye wasikilizaji wengi ikiacha ukumbi nusu, na mingine isiyoonekana kwenye takwimu ikijaza mpaka mlangoni. Halafu tunasema mji fulani "hauna historia" ya kuuza tiketi, ilhali hauna kwa sababu hatujawahi kwenda. Tunaita tahadhari. Mara nyingi naona ni woga wa kuwa wa kwanza kupata hasara, na woga huo ninao pia.

Kwa hiyo mkitaka kusumbua mtu, msumbueni promota wa kwenu, maana ndiye anayeleta ofa na ndiye anayelipa bendi kiasi alichoahidi hata ukumbi usipojaa. Na shoo ikija, nunueni wiki ya kwanza. Wanaosubiri hadi mlangoni wanatukosesha usingizi, na shoo nyingine zimefutwa huku wao wakiwa bado wanajipanga kununua.